Mupango Unangoja Jina Yako

Kadutu, Bukavu

Papa Furaha wangu,

Nisamehe kukawia. Barua zako tatu ziko hapa mbele yangu, ya kwanza imeanza kuchanika pale ilipokunjwa, na mimi sijajibu ata moja. Miezi tano. Najua kule Shabunda unajiuliza kama nilikufa kwa kuzaa, ao kama nilirudi kwa mama yangu kule Katana. Hapana. Niko mu nyumba yetu. Mutoto alizaliwa muzima, ni binti, nilimupa jina Nabintu vile tulipatana. Ana sura yako mpaka majirani wanacheka. Hanipi usingizi, na Furaha naye amekuwa na wivu, anataka kubebwa kama yeye ndiye wa juzi. Nimechoka, sitakuficha. Kuna siku nashona nguo ya mutu na kushonea mukono wa kushoto pahali pa mukono wa kuume.

Lakini sikukawia juu ya watoto. Ningesema vile ungeniamini, na ningekuwa muongo. Nilikawia juu iko neno moja halikutaka kutoka mu mukono wangu. Leo litatoka. Soma mpaka mwisho mbele ya kukasirika.

Barua hii haipiti posta. Posta wanafungua, ni wewe uliyeniambia. Ataileta muzee Ramazani, mungwana yule anayeuzisha vitenge karibu na musikiti, anapeleka mizigo Kamituga na kufika mpaka kwenu. Anaondoka kesho kisha sala ya ijumaa. Nilipomuomba alinitazama, akasema: "Mama Furaha, nitaipeleka. Lakini usiniambie iko nini ndani. Wakiniuliza, niape kama sijui, na kiapo changu kiwe cha kweli." Basi niko naandika mbio, mutoto mu mugongo.

Unakumbuka namna ilianza? Mimi nakumbuka kuliko nyinyi wote, juu nyinyi mulikuwa munasema na mimi nilikuwa nasikia. Ilikuwa siku ya Mungu kisha misa. Ulikuwa umekaa na Papa Danieli, rafiki yako toka seminari, baba wa ubatizo wa Furaha, munakula ndizi na ndagala, vile visamaki vya ziwa. Danieli alikuwa anamucheka mukubwa wa biro anapofanya kazi, muzungu asiyeweza kupata dosie ata moja, faili ata moja, bila kumuita. Ndipo wewe ukauliza, vidole vingali mu sahani: "Danieli, kama wazungu wote wanapanda ndege kesho asubui, kesho kutwa nani anafungua biro?"

Danieli akasema: "Mimi. Ufunguo iko kwangu."

Mulicheka wote wawili. Kisha ukauliza tena: "Sawa. Na nani anakuambia ufungue saa ngapi? Ukikataa kufungua, nani anakutoa? Na yule anayekutoa, yeye nani alimuweka?"

Hapo hamukucheka. Ndizi zikapoa mbele yenu. Juma ya pili mulikuwa watano, kisha mukafika tisa: nyinyi makarani sita, mwalimu Simeoni, infirmier mumoja wa hospitali, na katekista. Kila mutu akapewa fungu yake ya kujifunza na kuandika: ya udongo, ya mahakama, ya kura, ya waaskari, ya masomo. Wewe ulichukua ya tatu, fungu ya kura. Uliazima vitabu kwa mapadri, ulisoma namna Wabelgiji wanajichagulia wakubwa kwao, na namna inchi zingine zinafanya. Wakati watu wa kujua mambo ya inchi walikuwa wanapiga kelele mu baa, wewe ulisema: "Hii yetu haiko politiki, hii ni masomo. Kelele itakuja, usiogope. Lakini siku ile watu watauliza, karatasi iko wapi?"

Mimi nilikuwa pembeni na mashono yangu, ninawapa chai. Na wenzako wakienda, ulikuwa unanisomea fungu yako kwa Kiswahili, juu Kifransa yangu inaishia kwa kuitika salamu. Ulisema kama Mama Furaha hasikii, basi haijaandikwa vizuri. Hakuna kitu ulinipa kilichonipendeza kuliko ile, ata mashini ya kushona. Nilikuwa nangojea nisikie kama mutu anavyongojea barua.

Siku moja nilikuuliza: "Na yule asiyejua kuandika, atachagua namna gani?"

Ukasema: "Atasema jina mu sikio ya karani, karani ataandika."

"Na kama karani ni mutu wa yule mwingine?"

Ulisukuma kikombe chako kwangu. Kisha ukasema: "Lete chai."

Nikakuuliza tena siku ingine, sisi wanamuke je? Ukasema: "Ile ni fungu ya kesho, mama, fungu ya kesho." Nikarudi kwa mashono yangu siku ile. Tutafika pale.

Sasa nifike kwa siku ya kura yenu. Najua hautaki kuikumbuka. Ni lazima.

Mulitaka mukubwa wa serkle, ule mukutano wenu wa watu tisa. Ukasema hatuwezi kuandikia inchi nzima kura ya siri na sisi wenyewe hatujajaribu. Ulikata karatasi tisa kwa makasi yangu, zote kipimo kimoja, ukanikatalia ata kugusa. Ulitundika blanketi mu mulango wa chumba. Kila mutu aliingia mumoja mumoja, akaandika jina, yako ao ya mwalimu Simeoni, akakunja, akatia mu safuria yangu ya ugali. Furaha alikaa karibu na safuria akikunja uso kama polisi wa soko. Mulifanya vizuri sana. Nilikutazama nikafikiri: huyu ni bwana yangu, na hii kitu itafanyika mu inchi nzima.

Kisha ukaanza kuhesabu, na makosa yote inatoka pale. Nyinyi tisa ni watu wa kalamu. Kila siku munasomana mu dosie. Kila mumoja anajua maandiko ya mwenzake kuliko anavyojua sura ya bibi yake. Na hakuna mumoja wenu aliyefikiri jambo hili, ata wewe mwenye fungu ya kura! Ulifungua karatasi ya sita, ukasoma "Simeoni", na pahali pa kuiweka chini ukaitazama, ukaanza kucheka.

"Eh! Hii S ninaijua! Hii S iko na kitambi kama mwenyewe! Danieli, ni weye huyu? Baba wa ubatizo wa mutoto wangu, unaninyima kura mu nyumba yangu, na chai yangu mu tumbo?"

Watu wakacheka. Mwalimu Simeoni alicheka mpaka akakohoa. Danieli peke yake hakucheka. Alisema polepole: "Papa Furaha, soma fungu ya tatu, mustari wa kwanza."

"Ah, Danieli! Ni mucheko tu."

"Soma."

Haukusoma. Lakini mimi niliujua kwa kichwa, ulikuwa umenisomea mara nne: hakuna mutu atakayejua jina ambalo mwenzake ameandika, ata kama ni ndugu yake, ata kama ni mukubwa wake. Danieli akachukua kofia yake. Alisema: "Nilimuandika Simeoni juu wewe unajua kuandika na yeye anajua kusikiliza. Ningekuambia mwenyewe, siku moja, na tungecheka. Sasa umeniondolea ile siku." Akatoka. Ulishinda, watano kwa wane, na mukanywa chai ingine, lakini mimi niliona chai inarudi mu vikombe nusu nusu.

Aliendelea kuja, ni kweli. Lakini alikuwa anakaa karibu na mulango.

Kisha juma mbili wakaja wale. Ilikuwa asubui, ulikuwa unanyoa ndevu. Muzungu mumoja, polisi wawili. Hawakupindua kitanda, hawakufungua sanduku. Polisi mumoja alienda moja kwa moja kwa kabati, akainua sahani zetu za arusi, akatoa kaye yako, ile daftari ya fungu ya tatu. Muzungu akasoma kurasa mbili akisimama, kisha akakuuliza: "Nani alikutuma kufikiri mambo haya?"

"Hakuna, bwana. Ni masomo."

"Masomo yako ilikwisha siku ulitoka shule."

Siku tatu kisha pale, barua ya kukuhamisha ikafika. Shabunda. Na wewe ukasema ni Danieli aliyekuuza. Ulisema mbele yangu, ulisema mbele ya wenzako. Siku ya kuondoka ulikuwa umekwisha kupanda kamiyo, ile lori ya Shabunda, wakati Danieli alikuja mbio, mukate mu mukono mumoja na sigara zako mu mukono wa pili, jasho inamushuka. Ulimupa mugongo. Ulisema kwa sauti, watu wote wasikie: "Kama ulitaka kiti ya mukubwa, iko wazi. Kaa."

Kamiyo ikaenda. Alibaki amesimama na ule mukate. Mimi nilikuwa katikati yenu, mimba ya miezi saba, na nikanyamaza.

Papa Furaha, haikuwa Danieli. Ni mimi.

Nimeandika. Sasa ngoja nikuambie vile ilikuwa, na sitajitetea.

Unakumbuka mademwazele wa shule yetu ya mashono, yule mwanamuke muzungu anayepita mu nyumba za watu na karatasi yake, anaangalia kama vitanda vimetandikwa, kama iko uma na kisu, kama choo iko na kifuniko? Ulikuwa umeomba ile kadi ya heshima serikali inayowapa watu weusi walioendelea, na tuliambiwa nyumba nayo inapimwa. Nilisugua simenti siku mbili. Alikuja juma moja kisha kura yenu. Aliona vitanda, akaandika. Aliona uma, akaandika. Kisha akaona karatasi zako kwa meza, akauliza: "Bwana yako anaandika barua nyingi vile?"

Niliona uso wake. Nikaogopa atafikiri wewe ni mumoja wa wale wanaoandika mashitaki kila siku. Nilitaka atuwekee alama nzuri. Nikainua kichwa nikasema: "Hapana, mademwazele. Bwana yangu na wenzake wanajifunza namna inchi itatawaliwa siku watu weusi watajichagulia wakubwa."

"Ah! Vizuri sana. Na anatunza kazi yake muzuri?"

"Sana, mademwazele. Mu kabati, chini ya sahani za arusi, mutoto asichafue."

Akacheka, akanigusa bega, akaandika. Nilipata alama ya juu kuliko wanamuke wote wa mutaa wetu. Ile karatasi ya alama nilikuonyesha uliporudi toka kazi, ukanikumbatia mbele ya majirani. Nimekwisha kuichoma.

Sijui kama yeye mwenyewe alienda kusema, ao kama karatasi yake ilisomwa na mwingine mukubwa. Sitasema kitu sijui. Lakini wakati polisi aliinua zile sahani bila kuuliza, mimi nilijua. Ulikuwa na povu ya sabuni mu shavu. Ulinigeukia, ukaniomba radhi juu ya aibu ya polisi kuingia mu nyumba yangu. Wewe ukaniomba radhi mimi!

Kwa nini nilinyamaza? Siku ya kwanza ilikuwa woga. Siku ya pili ulikuwa umekwisha kumutaja Danieli, na niliona ni rahisi kwako kukasirikia mutu aliyeandika jina ya mwingine. Mara barua ikafika, ukapanda kamiyo. Kisha kila siku niliyonyamaza ilifanya ile ya kesho kuwa nzito zaidi. Nilikuwa naanza barua, "Bwana yangu mupendwa", kalamu inasimama pale. Nimefanya vile mara nyingi sana.

Nilimuambia Danieli kwanza, mbele ya kukuambia wewe, na ile pia unisamehe. Nilikuwa sijamaliza miezi miwili toka kuzaa. Nilimubeba Nabintu nikaenda kwake, bibi yake Mama Esteri akanifungulia, akanipa kiti. Sikukaa. Nikasema: "Papa Danieli, ni mimi niliyesema kwa mademwazele."

Alifunga mulango. Kisha akauliza: "Umemuambia bwana yako?"

"Bado."

"Basi bado haujasema kitu. Mimi nilijua haikuwa mimi. Yeye ndiye hajui." Akamutazama mutoto. "Masikini, binti, na wamemupa ile pua ya baba yake."

Nikacheka na kulia pamoja. Mama Esteri akamuambia: "Nyamaza wee, na ile tumbo yako." Hakuna neno la uchungu nilisikia mu nyumba ile, Papa Furaha. Ningependa lingekuwako, ningerudi nikiwa mwepesi zaidi.

Sasa nikuambie jambo la robine, bomba ya maji, halafu utasikia kwa nini naandika mbio.

Unajua robine ya mutaa wetu. Ufunguo ulikuwa kwa Mama Anjelina, na akaanza kufungulia rafiki zake kwanza. Wanamuke wakapigana kwa ndoo, mumoja akapasuka mudomo. Nikawaambia, tuchague mutunza ufunguo, tuchague vile wanaume wanaandika mu vitabu. Wakasema: "Sisi tunajua kuandika?" Nikasema hakuna kuandika. Nilitundika kitenge kwa ukuta wangu. Nyuma yake niliweka nyungu tatu: moja iko na kijiko, ndiye Mama Anjelina; moja na ufagio, ndiye Mama Esteri; moja na kikombe, ndiye yule mujane anayeuzisha mihogo. Kila mwanamuke akapata haragi moja. Anaingia amefunga ngumi, anatia, anatoka amefunga ngumi vilevile, ata kama haina kitu tena ndani.

Mama Anjelina alisimama njiani, mikono kwa kiuno: "Nibaone basi, bale bananikataa!"

Mujane wa mihogo akamujibu: "Anjelina, kamata ile haragi usome. Iko na jina?"

Walicheka mpaka ndoo ikamwagika. Na Anjelina akashindwa, mbali sana. Alilia kidogo. Alisema hajui nani wa kukasirikia, basi atakasirikia maharagi yote. Akaleta ufunguo siku ile ile, akamupa mujane wa mihogo. Juzi alikuja kwangu kuazima chumvi, na mimi sikumuchagua, na hatajua, na tulikaa tukasema mambo ya watoto. Wewe unaona? Ni kitu hiki ulikosa kumupa Danieli.

Danieli alikuwa amesimama ngambo ya njia, anatazama toka mwanzo mpaka mwisho. Akaja, akakaa kwa kiti yako, akaniambia: "Mama, hii tuliitafuta mu vitabu mwaka muzima." Akatoa kalamu. Polisi walichukua kaye yako, lakini hawakuchukua kichwa changu. Nilimusomea fungu ya tatu mustari kwa mustari, vile ulinisomea, yeye akaandika kwa Kifransa. Pale uliposema sikio ya karani, tumetoa, tumeweka nyungu na haragi.

Na sasa jambo la haraka. Wazungu wa komisyo wanatoka Ubelgiji, wanapita mu miji mikubwa kusikiliza watu, namna wanataka inchi iende. Kila serkle inaweza kuleta maandiko yake. Wanafika Bukavu juma mbili toka leo. Mafungu yote ya mupango wenu yamekwisha kuandikwa kwa mashini, yako pahali sitakuambia, juu nimejifunza. Chini yake iko majina munane. Pahali pa tisa iko wazi.

Walibishana juu ya ile pahali. Mwalimu Simeoni alisema: "Tupeleke na munane. Wazungu hawatahesabu."

Danieli akasema: "Sisi tutahesabu. Tumeandika kama hakuna mutu anatolewa bila kusikiwa, na mutu wa kwanza tunamutoa ni mwenye fungu ya tatu, juu yuko mbali? Kama jina yake haiko, mutoe na yangu."

Yule uliyemupa mugongo ndiye anasema vile. Kisha wengine wawili wakasema na wao watatoa. Basi mupango umesimama. Komisyo ikipita bila ule mupango, sijui lini watakuja wengine wa kuuliza. Na wakubwa watajichukulia tu, vile wanajua, na siku ile watu watauliza karatasi, hakuna karatasi.

Sikufichi hatari. Ukiweka jina, wanaweza kukutoa kazi, ao kukusukuma mbali kupita Shabunda. Na Danieli ana watoto sita, amekwisha kuweka yake. Mimi nataka urudi. Nakutaka hapa, unilalamikie juu ya chai, umushike Nabintu mbele hajajua kutembea. Kuna siku nasema mu roho: akae kimya, watasahau, watamurudisha. Najua ndiyo barua bibi mwenye akili angekuandikia. Lakini mimi nilikuona namna ulikuwa unanisomea, na siwezi kukuomba uwe mutu mwingine juu ya kosa yangu. Wakikutoa kazi, nitashona. Nimekwisha kushona na mutoto mu mugongo, nitaweza kushona na bwana mu nyumba.

Jambo lingine. Iko mustari mumoja mupya mu fungu ya tatu. Danieli aliuandika lakini ni wangu: mwanamuke anachagua sawasawa na mwanaume, ata yule anayekaa peke yake bila bwana. Simeoni alipiga kelele, katekista akatafuta maneno ya Paulo mutakatifu mu Biblia. Niliwaambia mimi ndiye niliyekumbuka fungu nzima wakati wao walikuwa wanaogopa kusema jina yako njiani. Mustari ukabaki. Kama haupendi ule mustari, andika sababu zako pembeni, nitazisoma zote, na nitakujibu. Lakini usiufute.

Na unikasirikie. Iko haki yako, sitakimbia. Piga kelele kule mu pori mpaka watu wakushangae. Lakini kasirikia mimi. Usiweke hasira yangu kwa kichwa ya mutu mwingine tena, na usiiweke kwa ile kazi.

Mutoto ameamuka. Muzee Ramazani anarudi siku kumi toka kesho, haongezi ata siku moja, na vitu vyako usimupe mwingine, ni yeye tu ataleta. Hivi ndivyo vitu ninavyohitaji utume:

Mafuta ya mawese, bidoni moja ndogo, ile nyekundu ya kwenu, juu hapa wanaichanganya.

Samaki ya moshi kama iko, ya Furaha. Anakataa kila kitu kingine.

Kipimo cha shingo na mabega yako. Upime kwa kamba ufunge fundo. Nina kitambaa, na najua umekonda.

Ukurasa wa mwisho wa fungu ya tatu, ule haukunisomea, pale unasema juu ya mutu aliyeshindwa kura: akikataa kuondoka, watu wafanye nini. Nilimuambia Danieli ulikuwa haujaumaliza. Umalize.

Barua kwa Danieli. Si lazima iwe ndefu. Usitaje mimi kwanza, taja wewe kwanza.

Neno moja kwangu, kama nimesamehewa ao bado. Nitaweza kusoma "bado".

Na karatasi hii nyeupe niliyoikunja ndani ya barua, jina yako chini yake, nasi tutaibandika pahali pa tisa. Kama muzee Ramazani anaharakisha na hauna nafasi ya vyote, acha mafuta, acha samaki, acha ata lile neno langu. Tuma jina.

Ni mimi bibi yako,
Mama Furaha, na sasa Mama Nabintu